Chanjo za mRNA na Swali la Mbegu ya Dakawa

Panapozungumzwa viwanda vya chanjo za mRNA, yaani zile zinazoupa mwili maelekezo ya kijenetiki, barani Afrika, majina yanayosikika ni Kigali, Cape Town, Dakar na Nairobi. Dakawa haitajwi, wala hakuna sababu ya kuitaja. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Mvomero kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, unaojulikana kwa mpunga unaomwagiliwa maji ya Mto Wami na kwa mifugo ya Wamasai. Lakini anayetaka kujua teknolojia ya kigeni huacha nini nyuma wenyewe wanapofunga mizigo, hapa ana mahali pazuri pa kuanzia. Korea Kaskazini ilisaidia kuanzisha kituo cha utafiti wa kilimo ambacho watu wa Morogoro mpaka leo wanakiita Cholima. ANC ya Afrika Kusini ilipewa ardhi hapo mwaka 1982 kwa ajili ya wakimbizi wake, na ilipoondoka miaka kumi baadaye majengo yakageuka shule na chuo cha ufundi. Wachina, kupitia kampuni ya mbegu ya Chongqing, wakajenga kituo cha maonyesho ya teknolojia ya kilimo na kuleta mpunga chotara. Shamba la mpunga la NAFCO, shirika la umma la kilimo, lenye takriban hekta 2,000, likaishia mikononi mwa wakulima wadogo wa ushirika wa UWAWAKUDA.

Katika misafara yote hiyo, kilichotoka Dakawa na kuenea nchini si jengo wala trekta. Ni mbegu ya mpunga iitwayo TXD 306, ambayo wakulima wanaijua kwa jina la SARO 5, iliyotokana na kazi ya watafiti wa kituo hicho na kuidhinishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watafiti walichanganya damu ya mipunga ya kigeni na ya nyumbani mpaka wakapata mpunga unaozaa sana na bado una harufu kidogo ambayo mlaji wa Kitanzania anaitaka. Mpunga chotara wa Wachina nao huzaa vizuri, ila ukihifadhi punje zake na kuzipanda tena, nguvu inapotea, kwa hiyo mkulima hana budi kurudi dukani kila msimu. SARO 5 inahifadhiwa, inarudiwa, na mtafiti wa hapa anaweza kuichavusha tena akipenda. Tofauti hiyo, kati ya teknolojia unayoitumia na teknolojia unayoweza kuibadilisha, ndiyo kipimo ambacho makala haya yanataka kukiweka juu ya shangwe za chanjo za mRNA katika Afrika Mashariki. Tunahesabu viwanda, wakati cha kuhesabu ni watu wanaoweza kuandika upya kilichomo ndani ya chanjo.

Tazama kampuni ya BioNTech ilivyokua, kwa sababu hadithi yake husimuliwa vibaya. Wengi wanaijua kama kampuni iliyotajirika ghafla kwa UVIKO-19, na takwimu zinawapa haki: mapato yake yaliruka kutoka chini ya yuro milioni 500 mwaka 2020 hadi karibu yuro bilioni 19 mwaka 2021. Lakini kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 2008 katika mji wa Mainz, Ujerumani, na madaktari wawili mke na mume, Özlem Türeci na Uğur Şahin, pamoja na Profesa Christoph Huber, kwa lengo la kutibu saratani. Kwa miaka 12 haikuwa na bidhaa hata moja iliyoidhinishwa. Ilikula fedha za wawekezaji wenye subira, wakiwamo ndugu wa familia ya Strüngmann waliokuwa wameuza kampuni yao ya dawa. Mwaka 2013 ikamchukua Katalin Karikó, mtafiti ambaye chuo chake huko Marekani kilikuwa kimemshusha cheo miaka ya nyuma kwa kukosa ruzuku. Karikó na mwenzake Drew Weissman walikuwa wameonyesha mwaka 2005 kwamba ukibadilisha herufi moja ya kikemia katika mRNA, mwili hauishambulii kama mvamizi. Ugunduzi huo uliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Kiwanda kikubwa kilikuja mwisho kabisa: BioNTech ilinunua cha Novartis katika mji wa Marburg mwaka 2020, tayari kikiwa na wafanyakazi waliofunzwa, na miezi michache baadaye kilikuwa kinazalisha. Kununua kiwanda kulikuwa rahisi kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika maabara.

Sasa linganisha na mpangilio wetu. Mwaka 2022 BioNTech iliweka jiwe la msingi Kigali, mwezi Machi 2023 makontena ya kwanza yenye mitambo yakawasili kutoka Ulaya, na Desemba mwaka huo eneo likazinduliwa. Uwezo uliotangazwa ni hadi dozi milioni 50 kwa mwaka. Ni kazi ya kifahari, na Rwanda inastahili sifa, maana haikuishia kwenye kontena: mamlaka yake ya dawa ilipanda hadi ngazi ya tatu katika kipimo cha ukomavu wa udhibiti cha Shirika la Afya Duniani (WHO) Desemba 2024, jambo ambalo halinunuliwi. Hata hivyo mitambo iliundwa Ulaya na kuletwa ikiwa imeshafungwa, na ramani ya kijenetiki ya kitakachopikwa humo, iwe chanjo ya malaria au ya kifua kikuu ambazo kampuni imekuwa ikizitafiti, inatoka Mainz. Nairobi mambo yalikwenda vibaya zaidi. Moderna ya Marekani ilisaini makubaliano na Kenya Machi 2022 ya kuwekeza dola milioni 500, na Aprili 2024 ikatangaza kusimamisha mpango kwa sababu maagizo ya chanjo kutoka Afrika yalikuwa yamekauka. Kampuni ya biashara haikufanya dhambi hapo. Ilitazama soko, ikaona halipo, ikaondoka, na kilichobaki Kenya ni karatasi tu.

Wapo watakaosema hoja hii ni anasa ya mtu aliyesahau mwaka 2021. Uingereza iliidhinisha chanjo ya BioNTech na Pfizer Desemba 2020; Tanzania ilianza kuchanja Julai 28, 2021, kwa dozi milioni moja na kidogo za Johnson & Johnson zilizotolewa na Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Tuna wajibu wa kukiri kwamba serikali yetu wenyewe ilikuwa imesitasita mpaka uongozi ulipobadilika Machi mwaka huo, lakini nchi za jirani zilizotaka mapema nazo zilingoja. Afrika huagiza takriban asilimia 99 ya chanjo zake, na Umoja wa Afrika umeweka lengo la kuzalisha asilimia 60 ifikapo 2040. Kwa hiyo, wanasema, jenga kwanza, sayansi itafuata. Jibu limeshaandikwa Gqeberha, Afrika Kusini. Kampuni ya Aspen ilikuwa na kiwanda, leseni na wafanyakazi, na mwaka 2022 ikawa tayari kuuza chanjo ya UVIKO chini ya jina lake. Hakuna aliyeagiza. Kiwanda kinachojua kupika chakula kimoja hulala njaa siku chakula hicho kikikosa mlaji, na ugonjwa wa mlipuko hauna adabu ya kurudi kwa sura ileile. Kinachoweza kuhama kutoka ugonjwa mmoja hadi mwingine ni timu inayojua kusanifu. Ndiyo maana mradi unaonivutia kuliko mingine ni ule wa kampuni ya Afrigen pale Cape Town, ambako WHO ilianzisha kitovu cha mRNA mwaka 2021. Moderna haikuwapa maelekezo; walitumia taarifa za wazi na msaada wa wanasayansi wenzao, wakatengeneza chanjo yao wenyewe ya majaribio ndani ya miezi michache. Biashara haikutoka humo, lakini ujuzi umebaki, na maabara zilizochaguliwa kuupokea ziko katika nchi 15. Kenya imo. Tanzania haimo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu: huenda mRNA yenyewe si jibu la Dakawa. Chanjo ya kwanza ya BioNTech ilihitaji baridi ya nyuzi 70 chini ya sifuri, wakati zahanati nyingi za vijijini hupigania friji ya kawaida ifanye kazi. Huko Marekani, Agosti 2025, wizara ya afya ilifuta miradi 22 ya mRNA yenye thamani ya karibu dola milioni 500, na mapato ya BioNTech yenyewe yameshuka sana tangu kilele cha 2021. Sioni sababu ya kubishana na ukweli huo. Sehemu ya kushuka ni siasa za Washington na sehemu ni kwamba watu wameacha kuchanjwa UVIKO; hakuna hata moja kati ya hizo inayosema mRNA haifai kwa malaria au kwa magonjwa yetu. Lakini suala la baridi linabaki, na linaimarisha hoja ya kutaka ujuzi kabla ya mtambo. Mwenye ujuzi anaweza kuamua kwamba kwa ugonjwa fulani njia ya zamani ni bora. Aliyepewa kontena la mRNA atapika mRNA hata pale isipofaa.

Na Morogoro ina ushahidi kwamba uamuzi wa namna hiyo unawezekana. Mdondo, ambao wengine huita kideri, uliwahi kufagia kuku wa vijijini msimu baada ya msimu, huku chanjo zilizokuwapo zikiharibika kwa joto kabla hazijamfikia mfugaji. Wataalamu wa Australia walikuwa na kirusi dhaifu kiitwacho I-2, kinachostahimili joto, nao wakakitoa bila malipo kwa maabara za nchi zinazoendelea. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Profesa Philemon Wambura na wenzake walikifanyia kazi katika mazingira ya hapa, mpaka kikawa chanjo ya tone la jicho ambayo leo inazalishwa Kibaha, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, kwa jina la TEMEVAC. Hakuna waziri aliyekata utepe wa I-2 mbele ya kamera za dunia. Lakini mfugaji anaifahamu, bei yake anaimudu, na mbegu ya kirusi iko kwenye friji yetu, tuna haki ya kuizalisha. Kwa kipimo cha SARO 5, chanjo hii inapita.

Wapo wanaodhani chanjo ya kuku ni jambo dogo kuliko ya binadamu. Ni ndogo kwa masharti ya usalama, naam, na hapo ndipo faida yake ilipo: nchi inajifunza kukuza virusi, kupima ubora wa kila toleo, kufunga chupa na kuuza, kwa gharama ambayo kosa lake halimuui mtu. Kibaha kuna pia kiwanda cha chanjo za mifugo cha kampuni ya Hester kutoka India. Ngazi ya kwanza ipo, basi. Tatizo ni kwamba hatujasema ya pili ni ipi.

Ningependekeza homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1931, na aina iliyotumika kutengenezea chanjo ya zamani ya mifugo, Smithburn, ilipatikana Uganda miaka ya 1940. Ni ugonjwa wetu kwa historia yake yote. Unapolipuka baada ya mvua kubwa, mbu huzaliana kwenye madimbwi, ng'ombe na mbuzi hutupa mimba, kisha wachungaji na wachinjaji huugua. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 Tanzania, na Mkoa wa Morogoro ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika, eneo ambalo wafugaji na wakulima wa mpunga hugawana maji yaleyale. Smithburn yenyewe inaweza kumtupisha mimba mnyama mjamzito, kwa hiyo mfugaji anaiogopa kwa haki. Na kwa binadamu, zaidi ya miaka 90 tangu Naivasha, hakuna chanjo yenye leseni. Soko la wachungaji halijawahi kuishawishi kampuni kubwa. Chuo Kikuu cha Oxford kina chanjo ya majaribio iliyotumika kwa watu Uingereza na Uganda, isiyo ya mRNA, na Afrigen inatengeneza ya mRNA kwa ufadhili wa CEPI, shirika la kimataifa linalofadhili utafiti wa chanjo za magonjwa ya mlipuko. Siku moja hizo zitahitaji kujaribiwa kwa upana zaidi mahali ugonjwa unapotokea kweli.

Hapo Mvomero itakuwa na kitu ambacho Mainz na Cape Town hazina, na swali ni tutakiuza kwa bei gani. Desturi ni kutoa vijiji, wajitoleaji na sampuli za damu, kisha kupokea semina na magari mawili. SUA ina kituo cha SACIDS, ambacho kwa miaka kimekuwa kikisoma vinasaba vya virusi vya mifugo na binadamu, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya WHO, Desemba 2018, ingawa kama nchi isiyozalisha chanjo. Mkataba wowote wa majaribio unaweza kudai mambo mahususi: kwamba vinasaba vya virusi vya Morogoro visomwe Morogoro, kwamba vijana wa SUA wakae Cape Town au Kigali wakisanifu mRNA kwa mikono yao, si kutazama, kwamba wakaguzi wa TMDA wahudhurie uzalishaji ili wajifunze kuukagua, na kwamba haki ya kubadilisha chanjo kwa ajili ya mifugo ibaki pia Tanzania. Mpinzani atasema mfadhili atakataa na kwenda nchi nyingine. Huenda. Ila kirusi hiki hakipatikani popote tu, na mfadhili anayekataa kumfundisha mtafiti wa Morogoro kusanifu chanjo ya ugonjwa wa Morogoro atakuwa ametuambia mapema, kabla ya saini, ni kontena la aina gani alilokuwa anatuletea.