Nyumba Inayovuja Joto: Mwongozo kwa Mpangaji

Kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi, lakini kuvuja kwa nyumba ni hasara kwa mpangaji. Nchini Uingereza, bili ya majira ya baridi haitokani na bei ya gesi na umeme peke yake, bali pia na wepesi wa joto kutoroka. Katika nyumba isiyo na kihami joto, yaani tabaka la kulizuia joto lisitoke, takriban robo ya joto hupotelea kwenye paa na theluthi moja kwenye kuta.

Kinga ya paa ni sufi ya madini inayotandazwa juu ya dari. Unene unaopendekezwa ni milimita 270. Kuta zenye uwazi katikati hujazwa kihami joto. Kuta nzima zisizo na uwazi, ambazo ni za kawaida katika nyumba zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920, hufunikwa kwa ndani au kwa nje, nayo ni kazi ya gharama kubwa zaidi.

Kazi hizo si za mpangaji. Katika England na Wales, tangu Aprili 2020, nyumba ya kupangisha ya mtu binafsi inayohitaji cheti cha nishati haina budi kufikia angalau daraja E, katika madaraja ya A hadi G, isipokuwa mwenye nyumba awe amesajili msamaha. Cheti hudumu miaka 10, na mpangaji ana haki ya kupewa nakala bila malipo. Aidha, unaweza kukitafuta kwa anwani ya nyumba katika daftari la serikali lililo kwenye intaneti. Ukikuta daraja F au G, mwandikie mwenye nyumba na uhifadhi nakala ya barua. Asipochukua hatua, peleka malalamiko kwa halmashauri ya eneo lako.

Wakati ukisubiri, ziba nyufa za madirisha na upenyo wa chini ya mlango, tundika mapazia mazito, na usiweke kochi mbele ya radieta. Usitegemee hita ndogo ya umeme ikiwa nyumba ina mfumo wa gesi, kwa maana umeme ni ghali zaidi kuliko gesi kwa kiasi kilekile cha nishati.

Matundu ya hewa yaliyojengwa ukutani yasizibwe kamwe: hutoa unyevu unaoleta kuvu, na baadhi yake huvipa hewa vifaa vya gesi.

Jiko la makaa lisiwashwe ndani kwa hali yoyote. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuwaua waliolala kabla hawajatambua hatari.