Kiganjo Tutachajia Wapi?

Hapo zamani neno chaji lilitutia hofu: lilikuwa ama ada ya ofisini ama shtaka la mahakamani. Zilipokuja simu za mkononi, likahamia dukani. Asiye na stima nyumbani aliiacha simu kwa mwenye duka, akalipa shilingi chache, akaijia jioni.

Sasa ni zamu ya pikipiki za umeme, na duka lile lafaa kukumbukwa. Mwendeshaji bodaboda wa Kiganjo, abebaye abiria baina ya stesheni, kiwanda cha maziwa na chuo cha polisi, aghalabu hukaa nyumba ya kupanga. Mita ni ya mwenye nyumba. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa za matumizi haba, kabla ya ada na kodi. Lakini iliwahusu watumiao zaidi ya yuniti 200 kwa mwezi. Pikipiki moja si rahisi kufika hapo. Kumi zikichajiwa pamoja zitapita.

Kubadilishana betri nako kwafaa, maana ni kazi ya dakika chache. Ila betri za kampuni moja aghalabu haziingiliani na za nyingine.

Kaunti ya Nyeri na itenge ukuta mmoja stejini, wenye soketi na mita yake, chini ya paa (mvua ya huku haibishi hodi). Chama cha bodaboda kipewe ufunguo. Na kibao, tafadhali, kiandikwe: Chajia Hapa.