Undani na Ujumlishaji katika Michezo ya Vita ya Kompyuta: Mchezaji Anadai Nini Anapodai Uhalisia?

Makala haya yanajadili mvutano wa siku nyingi miongoni mwa wachezaji wa michezo ya vita ya kompyuta: je, mchezo uhesabu kila kifaru na kila bunduki, au uyakusanye hayo yote katika alama chache? Njia ya kwanza tunaiita undani, ya pili ujumlishaji. Mara nyingi mjadala huendeshwa kana kwamba undani ndio ukweli wenyewe, na ujumlishaji ni mkato wa mtungaji mvivu. Msimamo wetu ni kwamba wachezaji hawagombanii wingi wa taarifa. Wanadai waione sababu ya kushinda au kushindwa kwao.

Chukua michezo miwili inayohusu vita vya Ujerumani na Umoja wa Kisovieti. War in the East, wa Gary Grigsby na wenzake, ulitoka mwaka 2010. Kila pembesita ya ramani yake ni maili 10, kila zamu ni wiki moja, na vita kamili kuanzia Juni 1941 huchukua zamu zaidi ya 200. Ukiifungua divisheni moja utakuta silaha zake kwa aina na idadi, pamoja na uchovu na ari ya askari. Unity of Command, uliotungwa Kroatia na kutoka mwaka 2011, unashughulikia mapigano ya 1942 na 1943 yaliyozunguka Stalingrad. Humo divisheni ni sanamu ya askari na nukta chache za nguvu. Ugavi hauna mapipa wala magunia: kuna reli, na kuna eneo ambalo reli hiyo inaweza kulilisha. Kikosi kikikatwa, hudhoofika zamu baada ya zamu.

Wapenzi wa mchezo wa kwanza husifu hisia ya kuendesha jeshi zima lenye uzito wake. Wakosoaji husema wamegeuzwa makarani wa bohari. Lawama hiyo si ya bure, kwa kuwa amiri jeshi hahesabu bunduki, na mchezo unaomtaka mtu mmoja awe jemadari na mtunza stoo kwa pamoja haumwakilishi yeyote kati yao. Mchezo wa pili hulalamikiwa kwamba kikomo chake kikali cha zamu huufanya ufanane na chemshabongo. Hata hivyo, anayeikata reli nyuma ya adui huona jeshi likinyauka mbele ya macho yake, na kwa saa moja hufahamu jinsi Jeshi la Sita la Wajerumani lilivyoangamia. Ujumlishaji huo hukubalika kwa sababu haukuificha sababu.

Mvutano huu ni mkongwe kuliko kompyuta. Mwaka 1824 Luteni von Reisswitz wa Prussia alichapisha mchezo wa kufunzia maofisa, wenye ramani, dadu, mwamuzi na majedwali ya hasara. Majedwali yaliwachosha maofisa, na mwaka 1876 Verdy du Vernois alipendekeza yaachwe, mwamuzi mzoefu aamue kwa busara yake. Kasi ikaongezeka, lakini sasa mchezaji alilazimika kumwamini mwamuzi. Kompyuta imeyarudisha majedwali na kuyafungia ndani. Aliyetupa dadu kwa mkono wake alijua kanuni iliyomshinda. Wa leo huletewa taarifa ndefu ya hasara bila kujua ilikokotolewaje. Undani wa namna hiyo ni busara ya mwamuzi iliyovaa joho la takwimu.

Jambo hili linawahusu pia washauri wa sera wanaoletewa mifumo ya uigaji. Wingi wa vigezo usiwatie kiwewe. Waulize ni kipi kimejumlishwa, na nani aliyeamua. Katika vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918, mbung'o waliua wanyama wa mizigo, na mbali na reli ugavi ulikwenda vichwani mwa watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi. Jina la Kariakoo jijini Dar es Salaam linatokana na kikosi chao. Mchezo utakaowageuza kuwa duara la ugavi kwenye ramani utakuwa umefuta vita vyenyewe, lakini kumwekea kila mpagazi jina si lazima. Hesabu moja ingetosha, mradi ionekane. Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za chakula na kula kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, askari walio mbele watapata kilo tano. Kamanda akisogea siku mbili zaidi, watapata kilo moja. Akiongeza siku ya tatu, mzigo wote hautoshi hata kumrudisha aliyeubeba.