Njia ya Hospitali Nayo ni Kazi

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, tunasoma habari za mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38. Alilala karibu na birika la Bethzatha huko Yerusalemu. Bwana Yesu alipomwuliza kama anataka kupona, alieleza shida yake: maji yalikuwa karibu, lakini hakuwa na mtu wa kumfikisha. Hata leo wako wagonjwa wa namna hii. Dawa ipo na mganga yupo, ila njia ya kufika inawashinda.

Tumfikiri mama mmoja anayekaa Lubunga, ng'ambo ya mto Kongo hapa Kisangani. Ana ugonjwa wa sukari. Katika karata yake imeandikwa siku moja tu ya mwezi, lakini kazi yake ilianza mapema. Juma zima ameweka kando franki za mtumbwi, na za toleka, ile baisikeli ya kubeba watu, au za pikipiki. Amemwomba jirani amwangalie mtoto mdogo. Meza yake ya mihogo sokoni itakaa bure, na siku hiyo hatapata kitu. Usiku halali vizuri, kwa kuogopa kuchelewa.

Jua halijatoka, naye ameshuka mtoni, maana hapo hakuna daraja. Hajala, kwa sababu ameambiwa damu ipimwe kabla ya chakula. Mvua ikinyesha, mtumbwi unangoja. Akifika Makiso anakuta benchi limejaa. Anangoja mpaka jua la saa sita, kisha mganga anamwona kwa dakika chache. Halafu safari ni ile ile ya kurudi, na nyumbani sombe haijatwangwa.

Mwezi unaofuata hakufika. Muuguzi anasema, "Huyu mama ni mvivu." Kanisani wengine wanasema hana imani. Wote wamekosa, maana hawakuiona kazi yake. Tena ugonjwa wa sukari hauponi kwa sindano moja. Safari hiyo ataifanya mwezi huu, na mwezi ujao, na mwaka baada ya mwaka.

Lakini kuacha kuna hatari kubwa. Sukari nyingi katika damu huharibu macho, mafigo na mishipa ya miguu polepole, mara nyingi bila maumivu. Tansio ikipanda nayo inaweza isimwumize mtu, mpaka siku anapoanguka na upande mmoja wa mwili kupooza. Na mwenye kifua kikuu akiacha vidonge kabla ya miezi yake kwisha, ugonjwa unaweza kurudi na nguvu kuliko dawa, akawaambukiza watu wa nyumba yake.

Shida hii ya njia si mpya kwetu. Mwaka 1920 Dk. Clement Chesterman alifika Yakusu, chini ya mto kutoka hapa. Wakati ule malale yaliua watu wengi katika vijiji. Dawa yake ilidungwa kwa sindano juma kwa juma, na watu wa mbali wangewezaje kuja kila juma? Basi vijana wa nchi hii walifundishwa uuguzi, wakawekwa katika zahanati za vijijini, na sindano ikasogea karibu na mgonjwa. Dk. Stanley Browne, aliyefika mwaka 1936, aliendelea na kazi hiyo, akawatibu pia wenye ukoma huko Yalisombo. Na tangu mwaka 2018 nchi yetu imekubali vidonge vya malale viitwavyo fexinidazole. Wagonjwa wengi huvimeza siku 10 tu. Njia ikifupishwa, ni rahisi zaidi kumaliza dawa.

Wewe mgonjwa, shika mambo haya:

1. Tia karata yako na vidonge vyako vyote katika mfuko usiopitisha maji, usiku ule kabla ya safari.

2. Chukua chakula, kama kwanga au ndizi, ukile mara damu ikiisha kuchukuliwa. Kama unatumia insulini au vidonge vya sukari, mwulize mganga siku za mbele kama utavitumia asubuhi ile kabla ya kula. Ukitetemeka, ukitoka jasho na kuona kizunguzungu, kula sukari upesi, hata kama damu haijapimwa. Kisha mwambie muuguzi.

3. Vaa viatu visivyobana. Ukirudi, tazama miguu yako, hata nyayo, kama kuna kidonda.

4. Mwambie mganga ukweli wa njia yako. Uliza kama unaweza kupewa dawa za miezi miwili, au kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu. Usikate dawa nusu nusu ili ikae siku nyingi, wala usiache kwa kuwa unajisikia vizuri.

Nasi tunaofanya kazi hospitalini, kabla ya kumkemea aliyekosa siku yake, tumwulize kwanza amefikaje leo.

Ninyi wakristo wenzetu, mnakumbuka wale watu wanne waliomchukua mwenye kupooza mpaka kwa Yesu. Kila mgonjwa wa siku nyingi katika kanisa yafaa apate wanne wake. Mmoja asaidie nauli ya mtumbwi. Wa pili akae na watoto. Wa tatu asafiri naye na kungoja naye kwenye benchi. Wa nne auze mihogo yake sokoni siku ile, na jioni amletee fedha yake yote. Shemasi na aulize kila Jumapili, "Ni nani anakwenda hospitali juma hili, na nani atakwenda naye?"

Yule mtu wa Bethzatha, watu walimpita miaka mingi. Mama wa Lubunga atashuka tena mtoni mwezi ujao. Asishuke peke yake.