Gari la Familia Lipimwe kwa Siku za Kawaida

Aila inapojaaliwa uwezo wa kununua gari, shauri la kwanza litolewalo barazani aghalabu huwa moja: nunua gari kubwa la juu, upate hadhi na usalama. Ni shauri la nia njema, lakini baraza haitakuwapo kwenye kituo cha petroli mwisho wa mwezi. Inampasa mwenye nyumba, kabla ya kutoa akiba ya miaka, akae na mkewe wajiulize: gari hili litafanya kazi gani katika siku zilizo nyingi za mwaka?

Tuichukue aila ya kawaida ya Kisauni: baba, mama na watoto watatu. Asubuhi ni skuli na kazini, alasiri ni madrasa, Jumamosi ni soko la Kongowea, na mara moja moja ni arusi Malindi. Karibu safari zote hizo ni za lami. Safari ya tope, ikiwapo, huja mara moja au mbili kwa mwaka. Kununua gari kwa ajili ya safari hiyo moja ni kushona kanzu kwa kipimo cha mgeni.

Kwa mahitaji hayo yapo magari ya chini yenye nafasi. Toyota Fielder lina paa linalonyooka hadi nyuma, na buti lake limeungana na chumba cha abiria. Honda Fit ni dogo zaidi, lakini tangi lake la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, hivyo viti vya nyuma hulala vizuri. Vikilazwa, huingia gunia la mchele, madumu, hata sufuria ya pilau ya arusi, na mbebaji halazimiki kuinua mzigo hadi kifuani. Bibi mwenye maumivu ya magoti naye huketi bila kuparamia. Aila ikizidi watu watano, ipo Toyota Sienta ya injini ya cc 1500, yenye viti saba na milango ya pembeni inayoteleza, ambayo hufaa sana penye vichochoro vyembamba.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ushuru wa bidhaa kwa gari la injini isiyozidi cc 1500 ni asilimia 20. Ikizidi hapo ni asilimia 25, na injini ya petroli iliyopita cc 3000 hufikia asilimia 35. Huo ni mbali na ushuru wa forodha na kodi nyinginezo. Bima kubwa nayo hukatwa kwa asilimia ya thamani ya gari, kwa hivyo gari ghali hulipiwa zaidi kila mwaka.

Kuhusu mafuta, tufanye mfano. Aila inakwenda kilomita 280 kwa wiki. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 20. Linalokwenda kilomita 7 litatumia 40. Kwa wiki 52 tofauti ni lita 1,040. Lita ikiwa shilingi 180, hizo ni shilingi 187,200. Fedha hizo ni karo, ni dawa ya mzee, ni sadaka. Atakayepungukiwa anaweza kuziendea benki zinazofuata sharia, akanunuliwa gari kwa murabaha na kuepuka riba. Lakini deni la halali nalo hulipwa kila mwezi, na ndilo huvuruga nyumba likizidi kipato.

Ama usalama, urefu wa gari una pande mbili. Dereva wa gari la juu huona mbali, lakini boneti refu humficha mtoto mdogo aliyesimama mbele yake. Katika nyua zetu, ambamo watoto hukimbilia gari la baba lifikapo, jambo hilo si dogo. Tena gari la juu likikwepa kwa ghafla huwa jepesi zaidi kupinduka. Vyombo vya kisasa vimeipunguza hatari hiyo, havikuiondoa.

Haki isemwe pia. Gari la chini lililojaa abiria hukwaruza tumbo kwenye matuta, na lataka dereva mwenye subira. Na aishiye ndani Tana River, ambako barabara za udongo hugeuka tope wakati wa masika, hana budi kununua gari la juu. Hata hivyo, na aulize kwanza kama lasukumwa na magurudumu manne, kwani baadhi ya magari yenye umbo hilo husukumwa na mawili tu.

Siku ya kwenda yadi, usiende peke yako. Nenda na mama watoto, watoto wenyewe, na bibi yao. Waketishe wote, ufunge kila mkanda, hasa ule wa kati, na utazame kama pana vishikizo vya Isofix vya kufungia kiti cha mtoto. Pakia kigari cha mtoto butini. Kisha mwite fundi wako alitazame gari kabla ya kulipa.

Wahenga walisema jikune ujipatapo. Mwenyezi Mungu atujaalie vipando vyenye kheri, na atufikishe salama. Amin.