Feni ya Umeme kwenye Rejeta ya Gari la Chama

Gari la Chama lipandapo miinuko ya Masakta na shehena ya mazao, mwendo hupungua na upepo hautoshi kupoza rejeta. Aidha, nyanda za juu maji huchemka kwa joto dogo kuliko pwani. Feni ikifungwa nyuma ya rejeta yapasa ivute hewa kuelekea injini. Ikifungwa mbele, iisukume kuelekea huko huko. Waya zake mbili zikigeuzwa, huzunguka kinyume na kushindana na upepo. Ishikiliwe na vyuma vya fremu, si vibati vyembamba vya rejeta, na iwekewe fyuzi na rilei.

Kabla ya kumlipa fundi, Katibu aiwashe feni, injini ikiwa imezimwa, na kuweka karatasi mbele. Ikinata, kazi ni sahihi, ikipeperushwa, irekebishwe. Injini ikiungua, hasara ni ya wanachama wote.