Kinoo cha Njano cha Vielsalm

Wembe wa kukunja umelazwa juu ya jiwe la rangi ya siagi. Mnoaji ameshadondosha maji juu yake na kusugua kwa kipande kidogo cha jiwe lilelile, mpaka pametokea tope laini mfano wa maziwa. Anausukuma wembe makali yakiwa mbele, anaupindua kwa mgongo, anaurudisha. Mara kadhaa tu, maziwa yanaanza kuwa ya kijivu. Kijivu hicho ni chuma kilichomeguka kwenye wembe.

Jiwe hilo ni coticule. Huchimbwa pande za Vielsalm, katika vilima vya Ardennes nchini Ubelgiji, na jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kinoo kidogo. Asili yake ni udongo uliotuama chini ya bahari miaka milioni 480 hivi iliyopita. Limelala kwenye mishipa myembamba, mara nyingi sentimita chache tu, iliyobanwa na mawe ya sleti ya buluu na zambarau. Kwa kuwa ni jembamba na huvunjika upesi, wachongaji hulibandika kwa gundi juu ya kibao cha sleti. Likitoka ardhini likiwa limeshikana lenyewe na jiwe la buluu, bei hupanda.

Siri yake ni garneti. Ni ukoo uleule wa vito unaojumuisha tsavorite ya kijani ya Taita-Taveta na Merelani, ila hizi za Ubelgiji hazitavalishwa pete hata siku moja: nyingi zina upana wa kati ya maikroni 5 na 20, wakati unywele wa binadamu hukaribia 70. Punje hizo zina nyuso nyingi, karibu ziwe duara, kwa hiyo hukwangua chuma juujuu badala ya kukichimba. Ndiyo maana kinyozi wa zamani aliweza kutegemea jiwe moja kwa kazi ambayo leo watu huifanyia mawe manne ya kiwandani.

Namna yenyewe iko kwenye maji. Tope likiwa zito, garneti zilizolegea hula chuma haraka, lakini makali nayo hugongana nazo na kubaki na ubutu kidogo. Basi mnoaji huongeza tone moja la maji, ananoa, anaongeza jingine, tope likizidi kuwa jepesi hadi mwisho wembe unateleza juu ya maji matupu. Hapo hahitaji kupima pembe kwa jicho kama anayenoa kisu: mgongo na makali vyote hugusa jiwe, na unene wa mgongo ndio unaopanga pembe. Wengi huharibu kazi kwa kukandamiza. Uzito wa wembe na vidole viwili unatosha. Baada ya jiwe hufuata mkanda wa ngozi, na huko mwendo hugeuka, mgongo ukitangulia. Anayesahau huukata mkanda wake.

Mnunuzi mgeni huvutiwa na rangi, na hapo ndipo anapopotea. Unjano uliokolea si dalili ya ubora, wala majina ya mishipa kama La Veinette na La Grise hayatoi dhamana, maana mawe mawili ya mshipa mmoja yanaweza kutofautiana kabisa kwa kasi. La maana ni uso ulio sawa, usio na ufa wala mstari mgumu unaokwaruza ukipitishiwa ukucha. Jiwe la milimita 150 kwa 40 linatosha wembe. Vipande visivyo na umbo la mstatili huuzwa rahisi zaidi, na hunoa vilevile.

Si kila kinoo cha asili hutumiwa kwa maji. Novakuliti ya Arkansas, Marekani, ambayo jina lake limetoka katika neno la Kilatini la wembe, kwa desturi hutiwa mafuta wakati wa kunoa. Coticule hutaka maji, na halina haja ya kulowekwa kwa kuwa haliyanywi. Likiachwa ndani ya beseni usiku kucha, gundi ndiyo huweza kuachia. Kazi ikiisha, huoshwa na kukaushwa kivulini.

Adui mkubwa ni bonde. Jiwe likitumika sana huliwa katikati, na wembe ulionyooka haukai juu ya uso uliobonyea. Dawa yake ni kuchora mistari ya penseli juu ya uso wote, kisha kulisugua jiwe kwa maji juu ya msasa uliotandazwa kwenye kioo. Penseli ikibaki katikati, bonde bado lipo. Kingo nazo hupunguzwa ukali kidogo zisije zikachuna makali.

Mwaka 1903 kampuni ya Gillette ilianza kuuza nyembe za kutupa, na kinoo kikaanza kukosa wateja. Machimbo mengi yakafungwa, ingawa uchimbaji umefufuliwa na huko Salmchâteau kuna jumba la makumbusho ya jiwe hili. Mawe ya vinyozi wa enzi hizo bado huibuka kwenye masoko ya mitumba ya Ulaya, meusi kwa uchafu na yamebonyea katikati. Anayejua huligeuza jiwe ubavu, akatafuta ule mstari ambapo njano inakutana na sleti, kisha akauliza bei.